Kuonja Kitufe cha Mjukuu Wangu

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezaa mara mbili bila mkunga, nimezika mume, nimefukuza mwizi kwenye kibanda cha kuku nikiwa na jembe mkononi. Lakini kuna Jumatatu moja asubuhi, hapa Kimbo, Ruiru, nilishika simu ya mwanamke mwingine nikaiangalia. Ilibidi nikae juu ya gunia la vitambaa.

Mjukuu wangu ana jina langu. Ndiyo desturi yetu, na baba yake, ambaye ni mwanangu, humwita huyo binti yake "maitu", yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu kwake yeye ni mimi. Kazi yake ni kutengeneza vidude vya kuingiza ndani ya brauza, ile app ya simu mtu hufungulia kurasa za mtandao. Hajaandikwa kazi na mtu. Amekodi chumba Thika, juu ya duka la dawa za mifugo, na humo ndani kuna meza, laptopu mbili, godoro na sufuria moja. Nilipokiona hicho chumba mara ya kwanza nilimuuliza kama hiyo ndiyo kazi tuliyomsomeshea. Akaniambia, "Cucu," yaani bibi, "hii ndiyo kazi." Sikuamini.

Kidude chake cha kwanza kilitoka kwa vifaranga wangu. Walikuwa wanapinda shingo na kufa, wawili leo, watatu kesho, nami nikataka kusoma huo ugonjwa ni upi. Nilisoma hadi darasa la nne. Kiswahili nasoma polepole, Kiingereza naona tu herufi zimejipanga. Sasa kila ukurasa niliofungua ulikuwa umefunikwa. Mara umeshinda gari, mara mwanamke hajavaa kitu. Nikabonyeza kile kialama cha kufunga, nikafunguliwa mwanamke mwingine. Mjukuu wangu alinikuta nimeipindua simu juu ya meza, uso chini, nimeweka bakuli juu yake. Alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaacha kucheka, akachukua ile simu, akaniuliza polepole nilibonyeza wapi, na baada ya hapo wapi. Akawa anaandika.

Baada ya majuma machache alirudi na kitufe kidogo pembeni mwa brauza. Ukikibonyeza, matangazo yanaondoka, herufi zinakuwa kubwa, na sauti inakusomea ukurasa. Nikajua vifaranga wangu wanakufa kwa nini. Walikuwa wameshakufa wote, lakini nikajua.

Akataka kukitoa siku hiyo hiyo, akiweke kwenye duka la mtandaoni ambako watu huchukua vidude kama hivyo. Nikakataa. Kwetu, uji wa sherehe ukiiva, aliyepika ndiye hunywa wa kwanza, wageni wakimwangalia. Ni kuonyesha hakuna kitu kibaya ndani. Nikamwambia, "Wewe ni mimi. Ukilisha watu sumu, ni mimi nimewalisha. Hakuna mtu atapewa kitu kutoka kwa mkono wako kabla sijaonja."

Nilidhani atanicheka. Lakini alifanya hivyo, na hiyo ikawa njia yake ya kazi. Kila akikibadilisha, hata kidogo, alikuwa anakileta kwenye simu yangu kwanza, na kwa sababu mimi si wa kusoma maandishi madogo, alikiwekea utepe wa rangi juu ya kitufe. Wa kijani, wa zambarau, wa manjano. Nikitumia siku tatu bila shida namwambia "toa", ndipo anakipeleka kwa watu na rangi yake ile ile. Na sikuwa naonja kwa mdomo tu. Wakati mmoja niligundua kimefuta picha ya marehemu kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo, kikaacha picha ya unga wa ngano. Nikampigia. Akasema, "Cucu, kimedhani marehemu ni tangazo." Nikamwambia akifundishe adabu.

Watu wakawa wengi, wengine wa nchi ambazo siwezi kutamka. Hao sikuwajua. Niliowajua ni akina mama wa kanisa letu hapa Ruiru, kwa sababu hao niliwawekea mwenyewe. Baada ya ibada nilisimama mlangoni nikasema, leta simu, na nikamwonyesha binti mmoja wa kwaya pa kubonyeza. Hakuna aliyeuliza kitu. Waliniamini kwa sababu ni mimi.

Sasa hiyo Jumatatu. Nina rafiki, mjane kama mimi, fundi wa nguo pale karibu na steji ya matatu. Ana mdomo, huyo. Nilienda kuchukua sketi yangu, akanipa simu yake nimsomee kitu, kwa sababu miwani yake ilikuwa imevunjika. Nikaangalia kitufe cha mjukuu wangu. Hakikuwa na utepe.

Nikamuuliza, "Hii umeitoa wapi?"

"Si ni ya mjukuu wako? Imekuja yenyewe jana. Ikaniuliza kama naruhusu, nikaruhusu."

"Uliruhusu nini?"

"Wewe mama, nitajuaje? Ni yako. Wewe ndiye mwenye kuonja."

Nikatoa yangu. Yangu, ambayo huwekewa na mjukuu wangu mwenyewe, ilikuwa na utepe wa manjano, ule ule wa mwezi mzima. Nikajua kuna kitu kimepita bila kupitia kwangu. Kwanza nilikasirika. Nikafikiri msichana amekua, ameona cucu anamchelewesha. Nikampigia pale pale, mbele ya fundi.

"Umetoa kipya bila mimi kuonja?"

Nikasikia kiti kikisogea.

"Cucu," akasema, "mimi sijatoa kitu."

Hapo ndipo nilikaa kwenye gunia. Kama si yeye, basi ni nani yuko ndani ya simu za wale akina mama, kwa jina langu? Rafiki yangu alikuwa ananiangalia, pini zikiwa mdomoni. Akazitoa moja moja. Akasema kwa sauti ya chini, "Jana nimeingia pale kwa hospitali." Nilielewa. Alikuwa na majibu ya hospitali ambayo alikuwa anayafungua kwa simu, kwa namba yake ya siri, na hakuwa amewaambia watoto wake. Nilikuwa mimi peke yangu ninayejua. Sasa hatukujua tuko wangapi.

Nikaenda Thika bila kubadilisha viatu vya shambani.

Nilimkuta amekaa chini sakafuni na laptopu juu ya mapaja, nywele hazijachanwa. Hakunisalimia. Nikamwambia aniambie kama anayemwambia mtoto, tena haraka.

Akaniambia. Ijumaa aliletewa barua pepe, imeandikwa kama imetoka kwa wale wenye duka la mtandaoni. Inasema kidude chake kimevunja sheria, kitaondolewa siku hiyo, isipokuwa akubali masharti mapya. Aliogopa. Kazi ya miaka yote kuondolewa siku moja. Palikuwa na kitufe, akakibonyeza. Barua haikuwa ya wenye duka. Ilikuwa ya mtu fulani, na kwa kule kubonyeza alikuwa amempa ufunguo wa kuweka kitu chochote na kukituma kwa kila aliye na kidude.

Huyu ndiye aliyenifundisha nisibonyeze. Sikumwambia hivyo. Alikuwa anajiambia mwenyewe, nilimwona.

Nikauliza lile lililonileta. "Huyo mtu anaona nini?"

"Kila ukurasa mtu anaofungua."

"Ule wa matangazo."

"Kila ukurasa, cucu."

"Hata wa hospitali."

"Hata huo. Na kile unachoandika ndani."

"Yeye ameongeza hiyo?"

Akafuta uso na mkono wa sweta. "Hapana. Hiyo ilikuwa hapo tangu mwanzo. Ili kiondoe takataka lazima kione ukurasa wote. Mimi nilikifanya kione halafu kinyamaze. Yeye amekifanya kiseme."

Nilisimama katikati ya hicho chumba. Miaka mitatu nimeonja, na sikujua ninakunywa nini. Nilidhani kinaona takataka peke yake, kama fagio. Kumbe ni mtu amekaa begani mwangu nikisoma kuhusu magoti yangu, nikisoma vifo, nikisoma yale mzee wa kike husoma akiwa peke yake. Nikamwambia, "Hukuniambia."

"Iliandikwa, siku ile ya kwanza. Ikakuuliza, ukabonyeza ruhusu."

"Iliandikwa kwa lugha gani?"

Akarudi kwenye laptopu.

Wenye duka, ambao alikuwa amewaandikia asubuhi, walimjibu saa nane mchana. Walikuwa wamekiondoa dukani, hakuna mtu mpya angekipata. Lakini kilichokuwa ndani ya simu za watu kilikuwa bado kiko ndani, na wenye simu ndio wangekitoa, kama wangejua. Kwa hivyo ilibidi waambiwe. Akaandika. Akanisomea: kumekuwa na hitilafu ndogo, tafadhali ondoa na usubiri.

"Hitilafu ndogo ni gani?"

"Cucu, nikiandika yote hakuna mtu atagusa kitu changu tena. Hakuna. Hii ndiyo kazi niko nayo."

"Najua."

"Wataniita mwizi. Jina liko pale juu, wanaliona."

"Hilo jina nimekaa nalo kabla baba yako hajazaliwa. Andika."

Alilia, na mimi sikumshika. Labda ningemshika. Nilikuwa naogopa kwamba nikimshika nitamwonea huruma, na nikimwonea huruma wale akina mama watabaki na mtu begani. Akaandika upya: nilidanganywa, nilitoa ufunguo, tangu Jumamosi kuna mtu huenda anaona kila unachofungua na kila unachoandika, kitoe sasa, badilisha namba zako za siri. Kulikuwa na neno "huenda" katikati. Nikamwambia alitoe. Akasema hilo lazima libaki kwa sababu ndiyo kweli, hatujui aliona ya nani. Nikamwachia.

Mimi nilirudi Kimbo kwa wale wasiosoma barua pepe. Siku hiyo na kesho yake nilienda nyumba kwa nyumba, na binti wa kwaya tena, tukikitoa. Nilikuwa nasema maneno yale yale mlangoni: nilikuwekea kitu, kimeingiliwa, nimekuja kukitoa. Wengine walinipa chai. Mmoja alinipokonya simu akasema atatafuta mtoto wake mwenyewe amtolee, na yuko sawa. Nikitembea nilikuwa nahisi kila mtu aliyeinamia simu njiani anasoma mambo ya mwenzake.

Rafiki yangu nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimwogopa zaidi. Alikuwa ameizima simu, ameifunga ndani ya kitambaa cha kitani kama nyama. Tulikitoa kidude, kisha mjukuu wangu akamwelekeza kwa simu yangu namna ya kubadilisha ile namba ya hospitali. Ikaisha. Akanirudishia simu akaniuliza, "Na wewe ulikuwa unaonja nini hiyo miaka yote?"

Nikamwambia, "Sukari."

Hakucheka. Jioni hiyo aliwaita watoto wake akawaambia majibu yake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajawaambia. Mtu huyo mwingine hakutokea. Mpaka leo hatujui kama aliona, na simu ya mtu ikilia kanisani bado naangalia ni ya nani.

Watu walimtukana mjukuu wangu, kama alivyokuwa amesema. Wengi waliondoka. Alirudishiwa kidude chake na wenye duka, na kwa muda mrefu hakukigusa. Alikuja akakaa nami, akawa analisha kuku, na akisikia simu yake imelia anashtuka kama ameitwa na polisi. Halafu asubuhi moja akaweka simu yangu mbele yangu. Utepe mwekundu.

"Hiki hakioni kitu mpaka ukielekeze," akasema. "Ukibonyeza, kinaona huo ukurasa mmoja. Ukitoka, kinafumba."

"Nisomee kile kinauliza."

Akasoma. Nikamwambia arudie kwa Kikuyu. Akarudia. Nikamuuliza nani ana ufunguo, akasema yeye, na sasa ufunguo ni wa vipande viwili na kimoja hakiko kwa kompyuta. Nikamuuliza na barua nyingine ikija. Akasema, "Nitakuletea wewe kwanza kabla sijaibonyeza." Hilo nililiamini kuliko hilo la vipande.

Hata hivyo siku nne sikubonyeza. Simu ilikaa juu ya meza, bakuli juu yake. Siku ya tano nikaibeba mpaka kwa fundi, nikamweleza yote, kinaona nini, hakioni nini. Alikuwa amepata miwani mipya. Alisoma kile kinauliza, neno kwa neno, na kidole. Halafu akanisukumia simu.

"Kunywa wewe kwanza," akasema.

Nikabonyeza, kwenye ukurasa wa magonjwa ya kuku. Sauti ikaanza kusoma. Fundi hakuweka chake siku hiyo, wala kesho yake. Lakini kila asubuhi, akienda kufungua duka, alipita kwangu, akasimama langoni, akanichungulia kuona kama bado niko wima.