Mwalimu wa Mchongaji wa Uhispania

Gakindu nzima hapakuwa na mkata-mawe aliyeijua nyundo kama Hezekiah Theuri, na kama hukuwa na habari hiyo, Hezekiah mwenyewe angekupa kabla hujamaliza kumsalimia.

Mwaka wa sabini na nne alitembelewa na mchongaji kutoka Uhispania, Bwana Aurelio, mtu wa ndevu anayechonga mawe makubwa yasiyofanana na kitu chochote, na watu wa kwao, Mungu awasaidie, wanayanunua. Alikaa wiki tatu. Hezekiah akamfundisha kupasua jiwe, kulisikiliza likilia, hata kutema mate viganjani. Mgeni akaandika yote, akanywa uji wa wimbi aliousaga Waithira, mke wa Hezekiah, akaenda zake.

Tangu hapo watu hawakupumua. Hezekiah aliapa mpaka sokoni Karatina kwamba siku Aurelio atakapotaja walimu wake, jina la Theuri litatangulia. Moffat, fundi mwenzake, akasema likitajwa atambebea nyundo mwezi mzima. Lisipotajwa, Hezekiah asijiite mwalimu tena machimboni. Wakapeana mikono mbele ya watu.

Mwaka uliofuata kikaja kijitabu cha maonyesho ya Aurelio. Padre wa misheni, aliyejua Kihispania, akakisoma nje ya kanisa baada ya misa. Hezekiah alikuwa amevaa koti la harusi. Padre akasoma kwamba Aurelio alifunzwa na milango ya makanisa ya kale ya kwao, na wafua vyuma wa kijiji cha baba yake, na Gakindu.

Hezekiah akafungua kifungo, kifua kipate nafasi.

"'Huko niliona mchongo unaoshinda yangu yote,'" Padre akaendelea. "'Jiwe la kusagia la Mama Waithira. Amelichonga miaka ishirini kwa mikono yake, bila patasi.'"

Moffat akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani wewe hakukuona?"

"Ati hakuniona? Hiyo jiwe ni mimi nilimletea huyu mama."

"Uliniletea ikiwa tambarare, Baba Kagure," Waithira akamwambia mumewe. "Hiyo bonde ya kusaga ni yangu."

Machimboni Hezekiah sasa hukata mawe kimya kimya. Lakini pita kwake asubuhi: utamkuta amepiga magoti, anasaga wimbi, jasho linamtiririka, na Waithira ameketi kando na kikombe cha chai.

"Sukuma polepole," humwambia. "Usiniharibie mchongo."