Kiti cha Nyuma

Gari langu halikuwa bovu. Wacha niliseme hilo kwanza, maana majirani zangu hapa Lodwar walishanisengenya vya kutosha kwamba limekaa chini ya mwarobaini kwa sababu sina pesa ya mafuta. Wapi! Ukigusa ufunguo tu, linawaka. Shida ilikuwa kiti cha nyuma, na walijua hivyo, ila hakuna aliyethubutu kukitaja mbele yangu. Mdomo wangu wanaujua.

Mdogo wangu, kitindamimba wa Mama, alifia pale. Nilikuwa nimemchukua Lorugum, tumbo limemshika vibaya, namkimbiza hospitali Lodwar. Mama alibaki nyumbani na mbuzi. Njiani tukakuta laga imejaa, ule mto wa mchanga ambao siku nyingine unavuka bila hata kulowa kiatu. Juu yetu hapakuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, maji yakashuka yakatufungia barabara. Pikapu, pikipiki, sote tulisimama kungoja yapungue, maana anayejitosa kwenye laga anaokotwa mbali sana. Niliacha injini ikinguruma ili apate hewa baridi. Akaniambia, "Zima hii kitu, dada, nisikie maji." Nikazima. Tukasikiliza wote. Baadaye nikamuuliza, "Unayasikia?" Hakunijibu.

Tangu siku hiyo gari likawa la kukaa. Kazini Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nilikuwa napelekwa na kurudishwa na magari ya shirika, kwa hivyo sikulihitaji sana. Siku chache nilizoliendesha, nilikiinua kioo cha ndani hadi kikaonyesha paa tu. Ndugu zangu nikiwapa lifti walibanana kiti cha mbele, goti juu ya goti, nyuma kukiwa kutupu. Shangazi yangu aliwahi kukataa hata kuweka gunia la makaa kwenye kile kiti. Alilipakata mpaka nguo zikawa nyeusi, na mimi nikajifanya sijaona.

Na mimi je? Alasiri, jua likiwa limechachamaa na kila mtu amejificha ndani, nilikuwa natoka naenda kukaa kwenye usukani, injini imezimwa. Bati la gari likipata moto hulia, kwa, kwa, kama mtu anayejigeuza nyuma yako. Najua ni bati. Mimi si mtoto. Lakini kila likilia niliitika, "Niko hapa." Nikimaliza nilishuka, nikafunga mlango polepole nisimshtue.

Halafu kazi ikaisha. Wafadhili walifunga mkono, tukaitwa wote chini ya turubai, tukashukuriwa kwa Kiingereza kizuri sana, tukaambiwa turudishe vitambulisho. Basi. Nikabaki na watoto wawili wanaosoma, nyumba ya kukodi, na gari ambalo hakuna anayepanda. Kila aliyekuja kunipa pole alimaliza kwa kulitazama gari. Si lingeuzwa? Nilikuwa nawaka. Nikamwambia jirani mmoja kama ana njaa ya kuuza, auze kitanda chake.

Mama alipopata habari, akapanda pikapu kutoka Lorugum akaja. Hakupita getini. Alizunguka nyuma ya nyumba, akajipenyeza kwenye ua wa miiba akachanika shuka, kwa sababu gari lilikuwa karibu na geti. Nikampa chai. Akainywa yote ndipo akasema, kwa Kiturkana chetu, na sauti haikuwa ya ugomvi.

"Mtu akifia bomani, sisi hufanya nini?"

"Tunahama, Mama."

"Tunahama. Pale alipofia tunapaachia upepo. Wewe umefanya nini? Umepabeba ukapaleta mlangoni kwako. Umepatia magurudumu."

"Sasa ulitaka nihamie wapi? Hii nyumba ni ya kukodi, Mama, si ya kufungasha juu ya punda!"

"Uza hiyo gari."

"Nikiiuza, yeye atabaki wapi?"

Yalinitoka tu. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu kwamba kwangu yumo mle. Nilidhani Mama atanigombeza. Alijaza tumbaku mdomoni, akatoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo sikulala vizuri, wala sikula. Upande mmoja watoto watarudishwa nyumbani kutoka shule. Upande mwingine yeye, kwenye barabara za watu, akikaliwa na abiria wanaotafuna miraa na kupiga simu kwa kelele. Nilimwonea uchungu kama yu hai. Ndiyo, nilijua ninavyoonekana, lakini uchungu hauulizi.

Mnunuzi alikuwepo: mfanyabiashara Msomali wa Kakuma, mzee mwenye duka na magari ya abiria yanayokwenda Kalobeyei. Tulifahamiana kwa sababu ya kazi yangu. Nilipompigia alisema nilete, aone, tumalize. Jirani yangu akanishauri nifunge domo kuhusu kiti cha nyuma. Asubuhi ya safari niliwasha gari bila furaha yoyote, nikashuka kufungua geti. Niliporudi, Mama alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma.

"Mama, unaingia?"

"Unafikiri ataenda peke yake kwa watu asiowajua?"

Akapanda. Hakukaa katikati. Alijibana kabisa kwenye mlango, magoti yamekutana, kiti kilichobaki akakiacha wazi. Nikafunga mlango wangu, nikatia gia.

Njia nzima alimsimulia. Haki ya Mungu, nilitamani kumpigia kelele anyamaze. Alimwambia yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Alimwambia binti wa fulani ameolewa Lokiriama, na mahari haijaisha. Akacheka peke yake. Akamlaumu kwa kutokula vizuri. Miezi yote ile mimi nilikuwa nakaa mle kimya kumngoja aseme, na mama yangu anapiga naye soga tu! Nilimwonea wivu, si uongo. Milima ya Pelekech ilipoanza kuonekana, nikanyoosha mkono nikakishusha kioo cha ndani. Nikamwona Mama, na nafasi iliyo kando yake.

Kakuma, yule mzee alitoka dukani akatusalimu. Kabla hajagusa boneti nikamwambia yote: laga, tumbo, kiti cha nyuma. Potelea mbali. Akasema, "Inna lillahi." Akaweka mkono juu ya paa la gari, akanong'ona dua yake, kisha akasema, "Dada, hapa Kakuma sisi wote tulipita mahali watu walifia. Nitaichukua. Asante umeniambia." Tukakubaliana. Nikamkabidhi funguo.

Hapo Mama akashuka. Badala ya kuja kwangu, akazunguka gari hadi upande wa pili, akaufungua mlango na kuushikilia.

"Shuka, mwanangu," alisema. "Tumefika. Hii gari imepata mwenyewe."

Vumbi lilipita. Wateja wakageuka kutazama. Mama hakuwajali. Alisimama ameshika mlango, akingoja kama anavyongojwa mtu mwenye maumivu ya tumbo anayejikokota kutoka. "Polepole," akasema. "Anza na mguu."

Mzee akaniuliza chini chini Mama anasema nini. Nikamtafsiria. Hakucheka. Aliinama akasogeza kigoda chake na mifuko ya sukari iliyokuwa mlangoni pa duka, akajibandika ukutani, njia ikawa wazi.

Siku ile hospitalini, watu nisiowajua ndio waliomtoa garini, mimi bado nimeng'ang'ania usukani, nimekataa kugeuka. Sasa niligeuka. Nikaenda nikasimama upande wa pili wa mlango, mkabala na Mama, nikainama nikampa mdogo wangu bega.