Siku Ambazo Baraza Halikai

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya Baraza la Wawakilishi sikupewa kalamu wala mashine ya chapa. Nilipewa penseli nne za rangi, kifutio, na karatasi moja kubwa iliyofunika meza nzima, imechorwa kwa rula visanduku vya siku zote za mwaka. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha ukarani, nimevaa baibui jipya, na nilijiona msomi. Mkuu wa Shughuli za Baraza, aliyekuja kuwa bosi wangu kwa miaka mingi, alinipokea bila kunyanyua uso.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Kaa kitako. Kwenu wapi?"

"Kikwajuni."

"Basi mtoto wa mjini," akasema, kama daktari anayetaja maradhi. "Haya, nionyeshe kwenye karatasi hiyo Baraza likae lini."

Nikaanza kutia alama za buluu tangu Januari, wiki mbili mbili, kwa mpangilio uliopendeza. Aliniacha mpaka nikafika Aprili, kisha akachukua kifutio akazifuta zote.

"Wewe unapanga siku za kukaa," akasema. "Sisi tunaanza na siku ambazo hatukai. Zitakazobaki ndizo za kukaa, na wala hazitakuwa nyingi."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, kwa namna moja au nyingine, mpaka nilipostaafu. Watu wengi wanadhani wawakilishi hukutana tu wakiitwa. Sivyo. Kuna mkutano na kuna kikao. Kikao ni siku moja ya kukaa ukumbini, kuanzia dua mpaka Spika anapoahirisha. Mkutano ni mfululizo wa vikao hivyo, na kwa mwaka tulikuwa na mikutano minne. Mkubwa kuliko yote ni wa bajeti. Baina ya mkutano na mkutano lazima kamati zipate muda wa kuichambua miswada, wizara zipate muda wa kuandika majibu ya maswali, na wajumbe wapate muda wa kuonekana majimboni, maana mjumbe asiyeonekana jimboni haonekani tena Barazani.

Penseli nazo kila moja ilikuwa na kazi yake. Buluu ilikuwa ya vikao. Nyekundu ilikuwa ya sikukuu za Serikali, ambazo orodha yake huletwa na kazi imekwisha. Kijani ilikuwa ya Ramadhani na Idi, zinazorudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa kuwa mwezi huandama utakavyo, Idi tuliiachia siku mbili wazi na ya tatu ya tahadhari. Nyeusi ilikuwa ya mambo yasiyoandikwa popote. Msimu wa karafuu, wakati wajumbe wa Pemba akili zao zimo mashambani. Ijumaa, ambayo kikao lazima kiishe mapema watu wawahi msikitini, na wa Pemba wawahi boti. Na Mwaka, yaani Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya watu wa Makunduchi huko kusini ya Unguja, inayoangukia Julai kwa hesabu ya wenyewe. Kila Januari Mkuu alimpigia simu jamaa yake mmoja, mwalimu wa skuli huko Makunduchi, kumuuliza siku.

"Lakini Mkuu, Mwaka si sikukuu ya Serikali," nilimwambia mara ya kwanza nilipomsikia kwenye simu.

"Sijasema ni sikukuu ya Serikali. Nimesema siku hiyo kusini yote iko uwanjani, na wakubwa wote wamealikwa. Sasa wewe utakaa ukumbini na nani? Na viti?"

Nilicheka, lakini nakiri kwamba sikulitia maanani. Kwetu sisi wa mjini Mwaka ulikuwa siku ya kwenda kutazama watu wakipigana kwa migomba, kula wali, na kurudi jioni.

Mwaka wa tatu nilihamishiwa kwenye kumbukumbu rasmi, kazi ya kuandika neno kwa neno kila kinachosemwa ukumbini. Huko nilijifunza kwamba mjumbe anayeanza na "kwa kifupi" atachukua nusu saa. Kisha nikawa karani wa kamati, nikazunguka na wajumbe Unguja na Pemba, kutoka Mangapwani mpaka Makangale, nikibeba mafaili na dawa ya kichefuchefu. Niliporudishwa kwenye kalenda, Mkuu alikuwa anafunga virago astaafu, na mimi nikakabidhiwa kiti chake. Karatasi kubwa ikaondolewa. Tukaletewa kompyuta, na programu inayopokea orodha ya sikukuu za Serikali na kupanga vikao yenyewe kwa dakika moja. Niliifurahia sana. Hakuna aliyeiambia mambo ya penseli nyeusi. Karafuu niliikumbuka, Ijumaa niliikumbuka. Ile simu ya Makunduchi sikuipiga.

Miaka miwili ya mwanzo nilisalimika, kwa sababu mkutano wa bajeti ulimalizika Juni na Julai ilikuwa mapumziko. Mwaka wa tatu ulikuwa wa uchaguzi. Miswada ilikuwa imerundikana, na mkutano wa bajeti ukaongezwa mpaka Julai ili kila kitu kimalizike kabla Baraza halijavunjwa. Inafaa nieleze hapa kwamba Baraza likivunjwa, chochote kilichobaki mezani hufa. Wanaochaguliwa baadaye huanza ukurasa mpya.

Miongoni mwa vilivyobaki mezani ilikuwa hoja binafsi ya Bi. Mwatima. Hoja binafsi ni ile inayoletwa na mjumbe mwenyewe, si Serikali, na kwa desturi hupewa Alhamisi moja tu katika kila mkutano. Bi. Mwatima alikuwa mjumbe wa jimbo mojawapo la kusini, mwanamke mrefu, mkulima wa mwani kabla ya siasa na, kama alivyopenda kusema, baada ya siasa pia. Hoja yake ilitaka njia za kwendea pwani zilindwe kwa sheria, ili anayejenga hoteli asiweze kuzifunga. Kijijini kwake nguzo za ukuta zilikuwa zimeshachimbiwa pembeni mwa njia ambayo wanawake huitumia kwenda kwenye mwani wao. Mara mbili hoja hiyo ilikuwa imepangwa, na mara mbili shughuli za Serikali ziliisukuma.

Alikuja ofisini kwangu mwenyewe.

"Bi. Zainab, hii ndiyo bahati yangu ya mwisho. Likivunjwa Baraza, na hoja yangu inazikwa."

"Nshakutafutia, Bi. Mwatima. Alhamisi ya mwisho kabisa. Ijumaa ni hotuba ya kufunga tu."

Akaitazama kalenda kwenye kioo cha kompyuta, akaitazama tena.

"Alhamisi hii?"

"Hii hii. Nyengine sina."

"Haya," akasema. "Nakushukuru." Alisimama kidogo mlangoni, kisha akaenda zake.

Kalenda ile ilipita kwa Katibu wa Baraza, ikatiwa sahihi. Ikapita kwenye kamati inayoongoza shughuli za Baraza, ikakubaliwa bila swali. Nasema haya si kwa kujitoa, bali ili vijana wajue kwamba karatasi inaweza kupita kwa watu kumi wenye macho na isisomwe hata na mmoja.

Alhamisi hiyo asubuhi nilishangaa kukuta maegesho yana nafasi. Mlinzi wa getini alikuwa anakunywa chai yake kwa raha.

"Leo watu wamelala?" nikamuuliza.

"We Bi. Zainab! Leo si Mwaka? Magari ya mawaziri yameshapita zamani kuelekea kusini."

Nikapanda juu, nikakaa kwenye nafasi yangu katika meza ya makatibu, iliyo mbele ya Spika, na nikaanza kuhesabu vichwa. Niliendelea kuhesabu asubuhi nzima kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni.

Bi. Mwatima alikuwepo. Wenzake wote wa kusini walikuwa Makunduchi, yeye alikuwa amevaa baibui lake la heshima na ameshika karatasi ambazo hakuzitazama hata mara moja. Alizungumza vizuri kuliko mjumbe yeyote niliyewahi kumwandika. Hakupaza sauti. Alieleza mwani mbichi una uzito gani mabegani, na kwa nini mkulima wake hawezi kuambiwa azunguke. Alieleza kwamba mwani hushughulikiwa maji yanapotoka, bahari ikikupwa, na maji hayamsubiri mtu, na njia ikiwa ndefu muda wa kazi unaishia njiani. Wajumbe wachache waliokuwemo walipiga meza. Hata waliokuwa wakisinzia waliamka.

Kujadili hoja hakuhitaji watu wengi, lakini kuipitisha kunahitaji akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwamo ukumbini wakati wa uamuzi. Kwetu ilikuwa nusu. Spika alipotaka kuwahoji wajumbe, mmoja ambaye hakuipenda hoja ile tangu mwanzo akasimama.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo wako kuhusu akidi."

Kengele ikapigwa, kama kanuni zinavyotaka, ili walio nje waingie. Waliingia wawili kutoka mkahawani, mmoja bado anafuta mdomo. Nilihesabu, Katibu akahesabu, tukampelekea Spika kikaratasi. Walipungua saba. Wajumbe wa kusini peke yao wangetosha na kuzidi. Spika aliitazama saa, akatutazama sisi wa mezani, akaahirisha Baraza mpaka kesho yake, siku ya hotuba.

Bi. Mwatima alikusanya karatasi zake. Alipopita mbele ya meza yetu akasema, "Ahsante, Bi. Zainab," kwa adabu ile ile ya siku zote. Angenitukana ningepata nafuu.

Jioni Katibu wa Baraza aliniita.

"Nani kaipanga siku hii?"

"Mimi, Mheshimiwa. Lakini kwenye orodha ya sikukuu Mwaka haumo."

Akachukua kadi ya mwaliko iliyokuwa mezani kwake, akaiweka karibu na kalenda. Kadi ilikuwa ya Mwaka, na jina lake limo. Kalenda ilikuwa yangu, na sahihi yake imo.

"Kadi hii iko hapa wiki ya pili," akasema. "Nenda kapumzike."

Hakuniandikia barua ya onyo, kwani angelazimika kujiandikia na yeye. Nilikwenda nyumbani nikalia, si kwa kuogopa kazi, bali kwa sababu nilikuwa nimefundishwa. Asiyefundishwa ana udhuru wake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Baraza lilivunjwa, na katika kura za maoni za chama chake Bi. Mwatima akashindwa, wapinzani wake walisema ameshindwa hata kupitisha hoja moja. Mimi niliendelea na kazi. Kila Januari nilipiga simu Makunduchi, na Tumbatu, na Pemba, nikauliza mpaka watu wakaniona msumbufu. Niliwafundisha waliokuja chini yangu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba kompyuta inajua ilichoambiwa tu. Hapakutokea tena kikao kilichokosa akidi kwa sababu ya kalenda yangu. Nilipostaafu nilipewa cheti, saa ya ukutani, na hotuba iliyosifu umakini wangu. Nilikaa pale mbele nikaona haya, kwa sababu wakati nasifiwa nilikuwa namuona Bi. Mwatima akikusanya karatasi zake.

Basi mwezi wa pili wa kustaafu kwangu nilikwenda kijijini kwake. Nilimkuta uani, anapakia kamba na tai-tai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, kwenye viroba viwili. Alikuwa amezeeka lakini urefu wake haujapungua. Akanikaribisha mkekani, akaniletea maji, na mimi nikamwambia nililokuja kumwambia miaka yote ile: kwamba kosa lilikuwa langu, sikuuliza siku ya Mwaka, na namuomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nliijua," akasema. "Nimezaliwa huku, nisijue Mwaka lini? Nlipoiona ile Alhamisi kwako nliijua pale pale."

"Sasa mbona hukunambia, Bi. Mwatima?"

"Ningekwambia ungefanyaje?"

Kanuni nazijua mimi. Mjumbe anayekataa siku aliyopewa hoja yake hurudi mwisho wa foleni, na mwaka ule foleni ilikuwa haina kesho. Ningemwonea huruma, kisha ningemtoa.

"Ningekutoa," nikasema.

"Basi. Nkaona bora nijaribu na viti vitupu kuliko kutojaribu."

Nikarudia kumuomba radhi. Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akanyanyua kiroba kimoja na kunisukumia cha pili kwa mguu. Nyuma ya nyumba yake njia ya pwani ilikwenda hatua chache tu, kisha ikagota kwenye ukuta mweupe, mrefu, usioonyesha mwisho upande wa kulia wala wa kushoto. Nyuma yake bahari ilisikika lakini haikuonekana.

"Nshakusamehe zamani, mdogo wangu," akasema. "Haya beba, maji yashatoka, na sie lazima tuzunguke."