Elma na Hita ya Kuongozwa kwa Simu

Elma Ruonavaara alikuwa mwanamke wa kushika bisibisi. Maisha yake yote ya kazi aliendesha basi la shule mjini Calumet, huko Michigan ya kaskazini, karibu na ziwa kubwa, ambako theluji hufika madirishani, na basi likimzimikia njiani alifungua boneti mwenyewe kabla ya kumpigia mtu simu. Mumewe Reino, ambaye ufundi wake wote ulikuwa mdomoni, alipenda kuwaambia watu, "Wenzangu walioa wake. Mimi nilioa gereji."

Lakini mwanamke huyu asiyetishwa na tufani alikuwa na hofu moja: kuiacha nyumba wakati wa baridi. Zamani, Kirsti binti yao akiwa bado mdogo, walikwenda mazishini Detroit, na huku nyuma hita ya kupasha nyumba joto ikazima. Maji yakaganda ndani ya mabomba, mabomba yakapasuka, na waliporudi walikuta sakafu ya jikoni imekuwa barafu tupu, viti vimenasa humo kama miti. Tangu hapo, theluji ya kwanza ikishadondoka, Elma hakulala nje ya nyumba yake mpaka majira yageuke.

Sasa Kirsti, ambaye alikuwa ameolewa mbali kusini, jangwani Tucson, akajifungua mtoto wa kike katikati ya Januari.

"Mama, unakuja lini kumwona?"

"Theluji ikiyeyuka, mwanangu."

"Yaani Mei? Mama! Atakuwa ameota meno!"

Reino alisikia yote. Alichukua taulo akaenda kukaa peke yake sauna, kile chumba chao cha mvuke, na hilo lilimchoma Elma kuliko maneno.

Kesho yake jirani yao Bernadette Goulet alipokuja kunywa kahawa na mkate wa iliki, Elma alimweleza. Bernadette akaweka kikombe chini.

"Shoga, uko karne gani? Watu siku hizi wanapasha nyumba kwa simu. Mpwa wangu yuko Florida, kalala ufukweni na tumbo lake, anaongeza joto la nyumba yake ya hapa kwa kidole."

"Na hita ikizima? Hicho kidole kitaiwasha?"

"Hakitaiwasha. Lakini simu itakwambia. Ukishajua, mimi niko wapi? Mwezini?"

Jioni hiyo Reino alimkuta Elma amesimama ukumbini akikitazama kile kidude cha duara ukutani kilichokuwa kikiiamuru hita tangu walipohamia.

Jumamosi alinunua kipya, cha kuongozwa kwa simu. Alikata umeme kwenye swichi kuu, akafungua skrubu, akapiga picha nyaya zilivyokaa, kisha akashika kiuno. Kifaa kipya kilitaka waya mmoja zaidi wa kukilisha umeme, na pale hapakuwa nao.

"Basi tena," alisema Reino, uso umemshuka. "Turudishe dukani."

"Nimulikie tochi, mzee, acha kulia."

Alivuta zile nyaya kidogo kutoka ukutani. Nyuma ya nyaya hizo, ukiwa umekunjwa na kusahauliwa na fundi wa kwanza, ulikuwapo waya wa buluu usiounganishwa na chochote. Elma alicheka peke yake. Alishuka chumba cha chini ya nyumba, akafungua mlango wa hita, akaikuta ncha ya pili ya ule wa buluu imelala huko, akaifunga mahali pake. Umeme uliporudi, kioo kiliwaka. Alimpeleka Reino nje barazani na simu, kwenye baridi ya kukata masikio, akamwambia aongeze joto. Chini ya miguu yao hita ikanguruma.

"Jamani!" Reino alisema, akiishika simu kama yai. "Inanitii! Nyumba hii hakuna mwingine anayenitii."

Wakamwachia Bernadette ufunguo, wakaenda Tucson. Siku za kwanza Elma aliiangalia simu kila alipopumua, mpaka Kirsti akampa mtoto ili mikono yake iwe na kazi. Ndipo asubuhi moja, wakiwa uani juani, simu ikalia. Joto la nyumba ya Calumet lilikuwa limeshuka hadi digrii hamsini na mbili za Farenhaiti, yaani kama kumi na moja za Selsiasi, na lilikuwa likizidi kushuka.

Reino aligeuka mweupe. "Mabomba," alisema.

Lakini kichwa cha Elma kilikuwa cha dereva wa basi. Alimpigia Bernadette.

"Usiku kulikuwaje huko?"

"Kulikuwaje! Sioni hata gari langu. Upepo umezoa theluji yote ya ziwani ukaileta kwetu."

"Chukua beleshi. Nenda ukuta wa kaskazini. Kuna bomba jeupe, hita inapumulia hapo; likizibwa, inazima."

"Naona mlima tu."

"Hapo hapo. Chimba."

Walimsikia akihema na kulaani kwa Kifaransa cha bibi yake. Kisha Elma akamwelekeza aingie ndani, ashuke chumba cha chini, azime swichi ya hita, angoje kidogo, awashe.

"Imekohoa," Bernadette alisema. "Imenyamaza. Shoga, imenya... Hee! Imewaka!"

Kirsti akaja, wakakaa wote watatu, mtoto amelala mapajani mwa Elma, wakitazama tarakimu zikipanda polepole. Zilipofika sitini Reino alifuta macho, akasema ni vumbi la jangwani. Elma akamwambia Kirsti, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wataongeza majuma mawili.

Tangu mwaka huo wanakwenda kila majira ya baridi, na Bernadette amebaki na ufunguo na hula mkate wa iliki bila kubisha hodi. Wakiwa Calumet, Elma huitumia simu hata akiwa kanisani akipika na kina mama. Juzi Reino alimpigia kutoka sebuleni.

"Wewe mwanamke, umenipunguzia joto tena!"

"Umekaa na fulana tu, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Vaa sweta," Elma alisema, akaendelea kumenya viazi.