Taa ya Dirishani

Dada yangu anasoma kompyuta na sanaa za maonyesho chuoni, mchanganyiko ambao shangazi anauita kichaa. "Utatengeneza mashine au utapiga domo jukwaani? Chagua!" Dada hucheka tu. Ndiye aliyeandika programu ya kuongoza taa za jukwaa, na kaka yetu, aliyesoma naye, aliigiza kijana anayerudi nyumbani katika mchezo wa chuo. Akiingia tu, taa moja ilimfuata hadi dirishani.

Kaka alifariki kabla ya onyesho. Wakatafuta mwigizaji mwingine, na huyo, Mungu anisamehe, alikuwa mvivu hata wa kutembea. Maneno yote aliyasemea mlangoni. Kila mazoezi taa ilikwenda dirishani peke yake, ikamulika mahali patupu, ikangoja.

"Futa huo mstari kwenye programu," mwalimu wao wa maigizo alisema. "Watu watashtuka."

Dada akaufuta.

Siku ya onyesho, dirisha lilibaki gizani. Mwigizaji akasema maneno ya kaka pale mlangoni, ukumbi ukapiga makofi. Mama, aliyekariri mchezo mzima kwa kumsikiliza mwanawe akijifunza jikoni, hakumtazama mwigizaji huyo kabisa. Alikuwa amelielekea dirisha, ananong'ona, "Karibu, mwanangu."