Mshika Kamba

Kisima hakichimbwi na mtu mmoja. Aliye chini ndiye anayeitwa fundi, kwa sababu ndiye anayetoka na tope masikioni. Aliye juu ameshika kamba tu. Ndivyo watu wasemavyo: tu.

Mzee mmoja alichimba visima tangu ujana wake mpaka magoti yalipomwambia basi. Kwenye mdomo wa kila kisima alikuwapo mkewe, kamba imezungushwa kwenye gogo, miguu ameikita ardhini. Mtaani mume aliitwa Fundi Kisima. Mke aliitwa mke wa Fundi Kisima. Mama wa watu hakununa. Alicheka akasema, "Waacheni. Jina zito, kamba nzito. Siwezi kubeba vyote viwili."

Kila asubuhi, kabla mume hajashuka, aliipitisha kamba viganjani mwake macho ameyafumba. Siku moja wakiwa kwa mteja mwenye pesa na haraka zake, mikono ile ikasimama mahali pamoja.

"Leo hushuki," akasema.

"Nini tena?"

"Hapa pamelegea."

Mume akatazama, hakuona kitu. Akatazama tena, hakuona kitu. Mteja akafoka. Mume naye akafoka, maana mwanamume akifokewa mbele ya mkewe hutafuta na yeye wa kumfokea. Mke aliikunja kamba, akaiweka chini, akaikalia kama kuku juu ya mayai.

Kazi ikachukuliwa na fundi mwingine. Kisima kikachimbwa, kikatoa maji, hakikumdhuru mtu. Kamba yenyewe waliifanya ya kuanikia nguo, na haikukatika. Je, mama alikosea? Mzee akiulizwa hujibu neno moja: "Mimi nipo. Visima vyote vile, na mimi nipo."

Mtoto wao wa mwisho, wanayemwita Kitinda, alikulia hapo hapo kwenye midomo ya visima, akicheza na kokoto pembeni ya mama yake. Hadithi hii ni yake.

Kitinda alipofika umri wa kujitegemea, kazi mtaani hazikuwapo. Aliosha vyombo vya watu, akauza sabuni, akachoka. Dada yake mkubwa, aliyeolewa mji wa mbali, akamtafutia kazi ya ndani huko. Begi lilikuwa limeshafungwa, liko nyuma ya mlango, ndipo habari ya ruzuku ilipoingia.

Mtaa wao ulikuwa mkavu. Barabara ilikuwa vumbi tupu, na korongo la nyuma ya nyumba lilikuwa likila ardhi kila mvua iliponyesha. Kikundi cha mtaa kilikuwa kimeomba msaada mara nyingi mpaka watu wakaacha kuuliza. Safari hii ruzuku ikatoka kweli. Ilikuwa ya mambo mawili: kupanda miti kando ya barabara na ukingoni mwa korongo, na kuwafundisha wakazi kazi za misitu. Wafundishwe kuotesha miche, kupanda, kupogolea matawi, na kuitunza ile miti mikubwa ya zamani iliyoinamia mapaa ya watu. Atakayefaulu ataajiriwa hapo hapo mtaani.

Jirani yao, fundi cherehani, mtu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akacheka sana. "Kusomea kupanda miti! Miti si inajiotea yenyewe?"

Mke wa Fundi Kisima alikuwa kitandani wakati huo, mgonjwa, dirisha liko wazi. "Basi nguo nazo zijishone," akamjibu kutoka ndani.

Jioni ile akamwita binti yake. "Fungua hilo begi, mwanangu. Nenda ukajiandikishe."

Kitinda akaenda. Miche ilipokuwa na majani mawili mawili ndani ya viriba, vile vifuko vyake vya udongo, mama akafariki.

Hayo tuyapite. Hayana maneno.

Kitinda alikaa nyumbani muda mrefu, akaona aibu kurudi. Mkufunzi wao, mtu mrefu mpole waliyemwita Bwana Misitu, akaja mpaka mlangoni, akatoa pole, akanywa chai, akasimama. "Miche yako nimekuwa nikiimwagilia mimi," akasema. "Njoo uimwagilie mwenyewe."

Akarudi.

Mafunzo yalipofika kwenye miti mikubwa, wanafunzi wakagawanywa wawili wawili: mmoja wa kupanda juu na msumeno, mmoja wa kubaki chini na kamba. Tawi likikatwa haliachwi lianguke. Hufungwa kamba, kamba ikazungushwa shinani, na aliye chini hulishusha taratibu. Wote walitaka kupanda. Juu ndiko kwenye sifa, ndiko watu wanakotazama. Kitinda peke yake akaomba kamba.

"Unaogopa kwenda juu?" Bwana Misitu akamuuliza.

"Siogopi. Nimekulia kwenye kamba."

Akapewa mwenzake, baba wa familia aliyezoea kufunga antena kwenye mapaa, mwepesi, mwenye maneno mengi. Jina lake walikuwa wamelisahau, wanamwita Kima.

Fundi cherehani alipopata habari, almanusura ajichome sindano. "Mwaka mzima kusomea kushika kamba! Hata mbuzi wangu anajua kamba."

Mzee alisikia. Tangu msiba alikuwa mtu wa kunyamaza.

Kisha dada mtu akatuma ujumbe: ile kazi ya ndani ingalipo. Kitinda akishindwa mtihani, apande gari aje. Kitinda alimsomea baba yake maneno hayo polepole, maana mzee hajui kusoma.

"Umesikia, Baba?"

"Nimesikia."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na kimoja kilikuwa kimeshakaa kimya. Mzee hakuwa mtu wa kumwambia mtoto usiende. Lakini tangu siku ile alianza kuamka kabla yake, akamchemshia maji ya kuoga.

Mtihani ulifanyika kwenye zahanati. Nyuma ya jengo ulisimama mti mkubwa wa zamani wenye matawi makavu yaliyolala juu ya paa la chumba cha kina mama. Kila jozi ilipewa tawi lake. Sharti lilikuwa moja: mpandaji hakati mpaka mshika kamba aseme "Tayari." Muda nao ulikuwa unapimwa.

Watu walijaa. Mzee alisimama ukutani, mikono nyuma. Fundi cherehani naye alikuwapo, ameacha cherehani yake na nguo za watu.

Jozi za kwanza zikafanya vizuri. Tawi zima, mkato mmoja, likashushwa, makofi. Zamu ya Kima na Kitinda ikawa ya mwisho, na tawi lao ndilo lililokuwa refu kuliko yote.

Kima akapanda kama jina lake. "Dada, leo utaona utaalamu!" akapiga kelele kutoka juu. Akafunga kamba, akajiweka sawa, akashika msumeno. "Haya, sema!"

Chini, Kitinda alikuwa ameizungusha kamba shinani. Akaivuta. Akaisikiliza kwa viganja. Akalitazama tawi, akalitazama paa.

"Vipande viwili," akasema.

"Nini?"

"Kata kule mbele kwanza. Halafu urudi karibu na shina."

"Wenzetu wote wamekata kipande kimoja! Tutachelewa!"

"Tutachelewa."

"Dada, usinifanyie hivyo mbele za watu. Sema tayari!"

Kitinda hakusema. Bwana Misitu alikuwa ameshika saa yake mkononi, uso hausomeki. Watu wakaanza kunong'ona, kisha kucheka. Kima akatukana mti, akatukana jua, kidogo amtukane na mwenzake.

"Sikuwaambia?" Fundi cherehani akapaza sauti. "Mbuzi wangu angekuwa ameshasema tayari!"

Mzee pale ukutani alijua kitu kimoja tu: muda ukiisha, binti yake anaondoka. Neno lilikuwa fupi. Angelisema tu, tawi lingeshuka kama matawi ya wenzake, wangerudi nyumbani wote wawili. Mzee akafungua mdomo amwambie, Sema, mwanangu, sema.

Ndipo Kitinda akafanya kitu. Akaukusanya mkia wa kamba, akauweka chini kando ya shina, akaukalia. Akatulia.

Moyo wa mzee ulishuka kama ndoo, ukagusa maji, ukapanda umejaa.

Akamgeukia fundi cherehani. "Jirani," akasema, "mbuzi wako hushikwa na kamba. Hashiki."

Watu walikuwa hawajasikia mzaha kutoka kinywani mwa mzee huyo tangu azike. Walicheka mpaka mwenye mbuzi akacheka.

Juu ya mti Kima alikaa kidogo, akatema mate, akasogea mbele kwa manung'uniko. "Haya, bibi harusi! Viwili!"

Kitinda akasimama, akashika kamba, akakita miguu. "Tayari."

Kipande cha kwanza kikakatika, kikaning'inia, kikashuka. Cha pili kikafuata. Vyote viwili viligusa ardhi kama mtoto anavyolazwa akiwa usingizini. Hakuna bati lililokwaruzwa. Ila muda ulikuwa umepita, na kila mtu aliona.

Bwana Misitu akavigonga vile vipande, akatega sikio, hakusema vimeoza wala ni vizima. Kima alishuka amekunja uso.

"Una hasira," Bwana Misitu akamwambia.

"Ninayo, mwalimu. Amenitia aibu."

"Basi nikuulize. Kesho nikikupandisha kwenye mti mwingine, nani akushikie kamba? Chagua yeyote kati ya hawa."

Kima akawatazama wenzake wote, mmoja mmoja. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Akamnyooshea kidevu Kitinda.

"Huyu huyu."

"Na hasira yako?"

"Hasira itaisha, mwalimu. Mimi nina mke na watoto wadogo."

Bwana Misitu akairudisha saa mfukoni. "Nami ningechagua hivyo hivyo," akasema. "Muda mmeukosa, kazi mmeipata. Njooni Jumatatu mchukue ovaroli."

Kitinda alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee hakupiga makofi. Alikuwa ameinama, anajifanya anatoa mchanga kwenye kiatu.

Ovaroli ilikuwa kubwa, ya kijani, inaburuta. Mzee akaibeba mwenyewe mpaka kwa jirani.

"Ya nani hii?" Fundi cherehani akauliza, na hali anajua.

"Ya mshika kamba."

Fundi akaikunjua, akaipima, akaweka pini. "Miguu nitaipunguza," akasema. "Mikono naiacha?"

"Mikono iache ilivyo."

Mpaka leo ukipita barabara ile utaona miche imeshika, mingine imempita mtu kimo, na korongo limeacha kula. Walioipanda ni wengi. Mzee hapendi kuwataja mmoja mmoja. Lakini mgeni akimuuliza njia ya zahanati, humzungusha kwanza kupitia pale binti yake anapofanya kazi.

Na kila asubuhi huwa mlangoni na vikombe viwili vya chai. Uani Kitinda amesimama na ovaroli yake, macho ameyafumba, anaipitisha kamba viganjani, pima kwa pima, mpaka mwisho wake. Mzee husubiri. Hathubutu kupuliza hata chai.

"Ikoje?" humuuliza.

"Leo Kima atapanda, Baba."

Basi hapo ndipo mzee anapomkabidhi kikombe.