Kambale Niliowapima Mezani

Nakumbuka siku moja ya miaka ile ya Ujamaa, mwanangu, nimekaa kwenye meza ya Bi Somoe, muuza samaki wa Kariakoo, napima kambale wake kwa rula. Kazi yangu haikuwa pale. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na kamati ya mtaa ilinipa daftari ili kila wiki nishuke Mto Msimbazi na Mzee Mfaume, mvuvi, tuinue mitego yake, nihesabu kambale na kuwapima, kisha tuwarudishe majini. Mzee alisema wanapungua. Alitaka uvuvi usimamishwe masika, majike wanapopanda mto kutaga.

Nilishuka mara mbili tu. Tope lilinifika magotini, nami nilikuwa nimevaa suruali mpya ya bugaluu, pana miguuni. Basi nikawa naandika kambale wa mezani kama wa mtoni.

Mkutanoni mwenyekiti alisoma daftari langu: samaki wengi, wakubwa.

"Mzee Mfaume, unataka kula peke yako?" mmoja akamtania. Watu wakacheka.

"Mitego yangu haina kitu," alisema mzee. "Muulizeni kijana."

"Ni kama ilivyoandikwa," nikajibu.

Mto ukaachwa wazi. Masika watu waliwachoma majike kwa mikuki kwenye maji ya kina kifupi, matumbo yamejaa mayai. Mwaka uliofuata mitego ilitoka na majani. Nami bado nilikuwa kwa Bi Somoe na rula yangu, ndipo siku ile mzee akanikuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akamgeuza kambale mmoja. "Hawa wametoka wapi, Somoe?"

"Rufiji, kaka. Wamekuja na lori asubuhi."

Akanitazama. "Kumbe mto unaupimia huku." Hakupandisha sauti. "Nenda kawaambie."

Sikwenda. Wiki ile nilipanda basi la Morogoro, na tangu hapo sijatulia katika mji wowote. Mzee alirudi kwao kusini, na mtaani walibaki wakimwita mchoyo.

Mwanangu, ukitumwa kuhesabu kitu, nenda kilipo. Usipokwenda, andika kwamba hukwenda. Ukurasa mtupu ungemfaa mzee yule kuliko namba zangu. Na ukidanganya, sema mapema, mbele ya walewale waliomcheka mwenzako. Mimi nilirudi nimechelewa, sikumkuta hata mmoja wa kumwambia.

Mungu akuepushe na aibu hii, akujalie watu wa kukusamehe wangali hai.